Bega la Kulia

Mwaka ule niliandika kwenye nusu ya chini ya ubao tu. Nafundisha jiografia, kidato cha pili na cha tatu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua. Nilijaribu wa kushoto, herufi zikatoka kama za mtoto wa chekechea, nikaacha. Basi nikawa naanzia katikati ya ubao nashuka, na wanafunzi wa viti vya nyuma wakawa wanasimama ili wanakili. Hakuna aliyelalamika. Walijua nimefiwa, na watu wakijua umefiwa hukuachia mengi.

Baba yangu alifariki kabla ya masika. Alikuwa amepooza upande mmoja kwa miaka mitatu, na miaka yote hiyo tuliishi wawili, mimi na yeye, ghorofa ya pili ya nyumba ya wakfu, Mji Mkongwe, nyuma kidogo ya soko. Kaka yangu, ndugu yangu wa pekee, yuko Dar es Salaam na kazi yake na watoto wake. Mimi niliachika zamani na sikujaaliwa mtoto. Hapakuwa na kikao cha kuamua nani atakaa na baba. Nilikuwa nakaa naye tayari.

Alikuwa mtu mkubwa. Alifanya kazi ya ukarani bandarini mpaka alipostaafu, na ingawa alikuwa karani, mwili wake ulikuwa wa mchukuzi. Kiharusi kilimpunguza maneno lakini hakikumpunguza uzito. Kila siku nilimtoa kitandani, nikamweka kwenye kiti, nikamvuta na kiti mpaka chooni, nikamwogesha, nikamrudisha. Asubuhi kabla ya skuli, mchana nikirudi, na tena jioni. Nikiwa kazini, jirani wa chini, Bi mmoja mtu mzima, alipanda kumtazama na kumpa maji, ila hakuweza kumnyanyua. Kumnyanyua ilikuwa kazi yangu.

Asubuhi ya bega ilikuwa asubuhi ya mtihani. Nilitakiwa nifike mapema kwa ajili ya kugawa karatasi. Nilimkalisha baba ukingoni mwa kitanda, nikapitisha mikono yangu chini ya kwapa zake kama kawaida, nikamwambia, "Haya baba, sukuma na mguu." Mguu wake mmoja ulikuwa mzima. Tulikuwa tumezoeana, yeye anasukuma kwa ule mguu, mimi navuta, anasimama. Siku ile hakusukuma.

"Sukuma, baba."

Akanitazama tu.

"Nnachelewa. Sukuma."

Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, ameushika kweli, vidole vimekuwa vyeupe. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda aliogopa. Labda alikuwa na maumivu. Labda hakutaka kuoga siku ile, na mtu mzima ana haki ya kutotaka kuoga. Mimi nilimvuta. Sikumnyanyua, nilimvuta, kwa hasira, kama unavyovuta kitu kilichonasa. Nikasikia ndani ya bega langu kitu kikichanika, kwa sauti hasa, kama kitambaa. Mikono yangu ikaachia. Baba akaanguka kwa upande, na paji la uso likagonga pembe ya meza ndogo ya dawa.

Alipasuka juu ya jicho, si sana. Nilimkalisha sakafuni, nikamfuta damu kwa kanga, nikabandika plasta. Nilimwita jirani anisaidie kumrudisha kitandani kwa mkono wangu mmoja na yake miwili, nikamwambia kuwa baba kateleza. Kisha nikaenda skuli, nikagawa karatasi za mtihani kwa mkono wa kushoto.

Siku kumi na mbili baadaye baba alishikwa na homa, kifua kikajaa, na siku ya tatu ya homa akafariki hospitali. Daktari alisema ni kifua, wagonjwa wanaolala muda mrefu hupata. Sikumuuliza kama kuanguka kunaweza kuleta jambo kama hilo. Ningeweza kuuliza. Alikuwa amesimama mbele yangu na kalamu mkononi, ana muda. Nilisema asante.

Msibani nilikuwa ndani na wanawake. Nakumbuka nilimimina kahawa kwa mkono wa kushoto na sikumwaga. Nakumbuka kaka yangu aliingia mara moja kuuliza idadi ya sahani. Sikulia. Wanawake wakasema, mashallah, ana subira huyu, na wengine wakanishika bega kwa kuniliwaza, hilohilo bega, na hapo ndipo macho yalinitoka maji, na wao wakafurahi kuona kwamba hatimaye nimelia. Ilikuwa maumivu ya bega tu. Kwengine kote nilikuwa kama ulimi baada ya sindano ya meno. Nilijua upo, nikiugusa naugusa, lakini si wangu.

Nilikaa na lile bega miezi minne bila kumwambia mtu. Nilidhani litapoa. Badala yake likaganda. Siku moja nikawa siwezi kufunga sidiria kwa nyuma, wiki nyengine siwezi kuchana nywele, halafu siwezi kulala upande ule. Nikisali, mkono wa kushoto ulipanda peke yake, na nikienda sijida niliegemea upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Hakunishauri, alinichukua tu baada ya kipindi cha mwisho na tukaenda. Wakanipiga picha, wakaniambia kano imechanika nusu na bega limekakamaa kwa kutotumika. Upasuaji haukuwa lazima. Mazoezi ndiyo lazima, mara mbili kwa wiki pale na kila siku nyumbani, na itachukua mwaka, labda zaidi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa chini, kina dirisha kubwa, baiskeli isiyokwenda popote, na vyuma viwili virefu vya kushikilia ambavyo wagonjwa wa kiharusi hutembea katikati yake. Baba tulimleta pale mara nne katika mwaka wa mwanzo. Halafu ngazi za nyumba zikatushinda, kumteremsha kulitaka wanaume watatu, na wanaume watatu hawapatikani kila Jumanne. Niliviona vile vyuma nikaketi mahali ambapo nilivipa mgongo.

Aliyenihudumia alikuwa dada wa kama miaka thelathini, mzaliwa wa mtaa wa Amani, wazazi wake walitoka bara. Alivaa msalaba mdogo, na kila akitaka kuniinamia aliuingiza ndani ya kola kwanza usije ukanigonga. Mikono yake ilikuwa ya moto na haikuwa na huruma. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza.

"Ilianzaje, Mwalimu?"

"Nilianguka."

"Ulianguka vipi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha, kwa kubuni, mtu anavyoteleza na kujizuia kwa mkono. Akanitazama, akalishika bega, akalizungusha kidogo mpaka nikauma meno.

"Mtu akianguka haliumii hivi," akasema. "Hili limevutwa. Ulikuwa unanyanyua nini?"

"Ndoo."

"Ndoo," akasema, akaandika kwenye faili.

Alinipa mazoezi manne. La kwanza ni kuinama, mkono mzima umeegemea meza na ule mbovu unaning'inia, kisha kuuzungusha polepole kama unakoroga sufuria iliyo sakafuni. La pili ni kupandisha vidole ukutani, kidole kwa kidole, mpaka pale vinapokataa. La tatu ni kushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili na kuacha mkono mzima uusukume ule mwengine juu. La nne lilikuwa la baadaye, bega likishafunguka kidogo. Alinikatia kipande cha tyubu ya baiskeli, akanionyesha jinsi ya kukifunga kwenye komeo la mlango na kukivuta, kiwiko kimebana ubavuni.

"Lisikuume sana, lakini liume," alisema. "Ukiona haliumi kabisa, ujue hufanyi."

Nilifanya. Hilo naweza kulisema bila kujisifu, kwa sababu haikuwa bidii. Nilikuwa na masaa. Miaka mitatu asubuhi zangu zilikuwa na kazi, na sasa niliamka saa ileile, alfajiri, nikasali, na hapakuwa na mtu wa kumgeuza. Basi nilikwenda chumba cha baba, kwa kuwa ukuta wake ndio uliokuwa mtupu, nikapandisha vidole. Yule dada alikuwa ameniambia kila Ijumaa nitie alama ya penseli pale nilipofika. Mwezi wa kwanza mistari ilikaa karibu karibu kama ya daftari. Wiki moja mstari ulikuwa chini ya ule wa wiki iliyopita. Niliutia vilevile.

Ninapokumbuka miezi ile naona chokaa. Chokaa karibu na pua yangu, vidole vyangu vikipanda kama mdudu, na mimi nahesabu. Sikuwa nafikiri juu ya baba. Watu hudhani mtu mwenye jambo moyoni hulifikiria. Mimi nilikuwa nafikiri kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Nikimaliza nilioga kwa mkono mmoja, nikavaa buibui, nikaenda skuli, nikaandika nusu ya chini ya ubao.

Kaka alipiga simu kila Jumapili. "Mkono vipi?" Nikamwambia unaendelea vizuri. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akaniuliza kuhusu umeme.

Yule dada wa mazoezi alinishauri pia nitembee, maana mtu anayejikunja bega hujikunja mwili mzima. Akaniambia kwao Amani wanawake wana kikundi, hukutana Jumapili asubuhi, wanatembea, halafu wanafanya mazoezi ya viungo pamoja karibu na uwanja. Nilikwenda mara tatu. Walikuwa wengi, wamevaa madira juu ya suruali, na raba za kila rangi, na mwanamke mmoja mwenye kipaza sauti akitoa amri. "Mikono juu," akasema, na mikono yote ikapanda isipokuwa mmoja. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja ambaye alinishinda kwa umri miaka ishirini, mikono yake imenyooka juu kabisa. Nilifanya kwa ule wa kushoto. Mama aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nna kiharusi.

"Hapana," nikasema. "Bega."

"Afadhali," akasema. "Mama yangu anacho. Yuko ndani huko, mwaka wa pili sasa." Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba. Alikuwa anahema, uso umejaa jasho, na alionekana kama mtu aliyetoroka mahali kwa saa moja. Baada ya hapo sikwenda tena. Si kwa sababu yake, au nilijiambia si kwa sababu yake.

Miezi sita ikapita. Mkono ukafika usawa wa macho. Tyubu nilikuwa navuta mara ishirini kwa mkupuo. Siku moja, pale hospitali, yule dada alikuwa ameshika kiwiko changu kisitoke ubavuni na mimi navuta, na akaniuliza bila kunitazama, kama mtu anayepitisha wakati, "Ile ndoo ilikuwa na uzito gani, Mwalimu?"

Nikajibu, "Kama kilo tisini."

Lilitoka hivyo. Nilikuwa nafikiri juu ya hesabu. Mkono wake ukatulia kwenye kiwiko changu, na nyuma yetu nikasikia mgonjwa mmoja akikokota mguu katikati ya vyuma, na msaidizi wake akimwambia polepole, baba, polepole.

"Endelea," yule dada akasema. "Umefika kumi na saba."

Nikaendelea. Kumi na nane, kumi na tisa. Hakuuliza tena na sikumweleza. Lakini siku ile aliponitoa mlangoni alisema, "Wengi wanaokuja na bega hili huwa na mgonjwa nyumbani. Hatuwafundishi kunyanyua. Tunawapa mgonjwa, tunawaambia nendeni." Akasema anaona aibu kwa hilo, kisha akamwita mtu mwengine.

Likizo ya Disemba shangazi yangu akanipigia kutoka Chwaka. Ni dada yake baba, mkubwa kuliko wote waliobaki. "Hujaja tangu hitima ya baba yako," alisema. Hakuwa analaumu, alikuwa anahesabu. Nikafunga nguo mbili na tyubu yangu, nikaenda.

Shangazi alilima mwani kwa miaka mingi mpaka mgongo ukamkataa. Sasa hukaa barazani akisuka ukili, ule msuko mwembamba wa chane za ukindu unaoshonwa kuwa mikeka, na hata anapoongea na wewe vidole havisimami. Nilimkuta hapo. Nikamwamkia, shikamoo shangazi, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama nilivyoteremsha mkoba kwa mkono wa kushoto.

"Bado?"

"Bado kidogo."

Siku mbili za mwanzo tulikula na kulala. Maji yalikupwa mbali sana na ghuba ikawa tambarare ya matope yanayong'aa, nikatembea humo asubuhi nikarudi. Alasiri ya siku ya tatu tulikuwa barazani, hakuna mtu mwengine, mkwewe anayekaa naye kaenda shamba na watoto wake. Sikuwa nimepanga. Sikuwa na kitu kinachonisukuma kooni, kama watu wanavyoelezea. Nilisema kama ningesema kwamba chumvi imekwisha.

"Shangazi, mimi ndiye niliyemwangusha baba."

Vidole vyake viliendelea kusuka.

"Lini?"

"Ile mara aliyopasuka hapa." Nikagusa juu ya jicho. "Sikumwambia mtu. Nilisema kateleza. Nilimvuta kwa hasira, bega likachanika, nikamwachia."

Akasuka kidogo, akavuta chane mpya kutoka kwenye beseni la maji, akaiingiza. Nilidhani hakusikia vizuri. Kisha akasema, "Nilikiona kile kidonda. Nilikuja kumtazama siku nne baadaye, unakumbuka? Wewe ulikwenda sokoni. Nikamuuliza, hiki nini? Kasema kajigonga."

"Kasema hivyo?"

"Kajigonga. Maneno yake yalikuwa ya shida, lakini hilo alilisema vizuri." Akachukua chane nyengine. "Halafu akanambia nimchukue."

"Umchukue umpeleke wapi?"

"Nimtoe kwako. Nimlete huku. Kasema, nichukue, mtoto kachoka. Alilirudia mara mbili, mtoto kachoka."

Ndani ya nyumba friji iliwaka ikaanza kuunguruma.

"Nikamwambia sina mtu wa kukunyanyua," shangazi akasema. "Na ni kweli, sikuwa naye. Mgongo huu, na huyu mkwe wangu ana watoto wadogo. Lakini sikufikiri hata kidogo, mwanangu. Nilijibu palepale, kama mtu anayemfukuza muuzaji mlangoni. Ukarudi na samaki, tukala, nikapanda gari nikarudi kwangu. Ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona anaongea."

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba alitaka kukuondokea na mimi nimekataa?"

Hapo ndipo aliposimamisha vidole. Aliuweka ukili mapajani, akaunyoosha kwa kiganja ingawa ulikuwa umenyooka. Hatukukumbatiana. Yeye si mtu wa hivyo na mimi sikuwa na mkono. Nilikaa nikingoja nilie. Nilikuwa tayari kabisa, nimeshaegemea ukuta, nimeshika ncha ya mtandio, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Haikuja. Kilichokuja, baada ya muda mrefu, ni njaa. Nikamwambia shangazi nnasikia njaa, akasema kuna mihogo, nikaingia nikaipasha nikala sahani nzima nimesimama jikoni. Sikumbuki lini kabla ya hapo nilikuwa nimesikia njaa. Nilikuwa nakula kwa saa.

Siku iliyofuata nilitafuta mahali pa kufunga tyubu na sikupata, milango ya mle ina mapazia tu kwa ndani, na wa nje kitasa chake kimelegea. Shangazi akanyoosha mkono.

"Lete nishike mimi."

"Utavutika."

"Nilivuta kamba za mwani miaka ishirini. Lete."

Akakaa kwenye mkeka, akajizungushia ncha ya tyubu kiganjani, akajikaza. Nikavuta. Hakutikisika. Alihesabu yeye, na alihesabu vibaya, akaruka kumi na tano, akarudia kumi na sita, na sikumsahihisha. Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka nikaondoka. Baba hatukumtaja tena, ila siku moja alisema, bila mimi kuuliza, kwamba baba alipokuwa kijana alikuwa hapendi kuogeshwa hata na mama yao, alikuwa anakimbilia juu ya mti. Nikasema sikujua. Akasema, basi ndivyo alivyokuwa.

Nilirudi mjini. Sitasema nilirudi mtu mwengine. Ubaridi ule, wa kutohisi kitu, ulikuwepo bado, na upo baadhi ya siku hata sasa, ila nilianza kuuona mipaka yake, kama unavyoona ganzi inavyotoka mguuni. Mahali panachoma, mahali bado. Niliposahihisha madaftari nilikasirika kweli na mwanafunzi mmoja aliyenakili, nikashangaa kwamba nimekasirika. Jumapili moja kaka alipopiga simu, nikamwambia habari ya asubuhi ile ya mtihani, yote, hata vidole vyeupe. Nikasikia anafunga mlango wa chumba alichokuwemo. Kisha akasema, "Mimi sikumnyanyua hata mara moja." Hatukuzungumza juu ya umeme siku ile.

Mwezi wa kumi na tatu wa mazoezi yule dada alinipima, akaandika, akafunga faili. Mkono ulipanda mpaka juu, ukabakisha kidogo tu ambacho alisema huenda kisirudi. Nilimuuliza kama ningeweza kubeba vitu vizito.

"Vitu gani?"

"Kitanda," nikasema. "Nna kitanda cha baba nataka kukitoa."

Kilikuwa kitanda cha chuma, cha kupanda na kushuka kwa mkono wa kuzungusha, tulichokinunua yeye alipougua. Nilimkumbuka yule mama wa kikundi cha Amani, yule mwenye uso uliojaa jasho. Jina lake sikulijua, lakini nilikwenda Jumapili nikasimama pembeni mpaka nikamwona. Aliniambia mama yake yuko hai bado. Alikuwa analala kwenye godoro chini.

Vijana wawili wa mtaani kwetu wakakifungua kitanda vipande, na mimi nikabeba upande mmoja wa kichwa cha kitanda, kwa mikono miwili, ngazi zote mpaka chini. Bega liliuma, si sana. Tukakipeleka kwa gari ya mizigo na kukiunga upya katika chumba kidogo chenye feni. Mgonjwa alikuwa bibi mwembamba, macho yake makali, mdomo umekwenda upande. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akajibu kitu kisichosikika, nikakichukua kuwa ni marahaba.

Binti yake akainama kumshika chini ya kwapa amnyanyue, vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Ngoja," nikamwambia. "Si hivyo."

Nikavua mtandio wa juu, nikapiga magoti. Nilimwonyesha jinsi ya kupitisha shuka iliyokunjwa chini ya mgongo wa mgonjwa, jinsi ya kuweka goti lako baina ya magoti yake, na kumwegemeza kifuani kwako, halafu uinuke kwa mapaja, mikono ishike tu. Nilikuwa nimemwomba yule dada wa hospitali anifundishe, siku ya mwisho, na alinifundisha kwa saa nzima na kunifanya nimnyanyue yeye mwenyewe. Binti akajaribu. Mara ya kwanza alimvuta kwa mikono tena. Mara ya pili bibi akapanda kitandani bila sauti, na wote wawili wakaonekana kushangaa kwa wepesi wake.

"Na siku akikataa?" binti akaniuliza. "Kuna siku anashika kitu, haachii."

Bibi alikuwa ananitazama. Alikuwa anasikia kila neno.

"Siku hiyo mwache," nikasema. "Muulize anataka nini. Akikosa kujibu, kaa naye. Kazini utachelewa."

Binti akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, na akanikaribisha chai. Nikaketi nikanywa, na tukazungumza juu ya mvua, na juu ya madaktari gani wana lugha nzuri na wepi hawana, mpaka karibu adhuhuri.